Mnunuzi alipe kwa njia aliyoizoea: maneno ya ofisi ya tawi kuhusu duka la mtandaoni la kikundi cha viungo

Wengi wenu mlikuwa shambani au safarini siku ya mkutano, na waliohudhuria wameomba yaliyosemwa yaletwe hapa kwa maandishi. Tunayatuma kama yalivyosomwa. Ni marefu, yasomeni kwa nafasi, na atakayeona hesabu isiyokaa sawa atuambie kabla ya Jumamosi.

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, ndugu wajumbe wa Kamati, wazee wetu, kina mama wa kikundi cha viungo, vijana, ndugu wanachama wote.

Leo tunalo jambo moja tu: fedha ya mnunuzi itaingia kwetu kwa mlango gani. Mengine ya duka la mtandaoni la kikundi yamekwisha. Picha za mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga zimepigwa, mzani umenunuliwa, mifuko imechapwa jina la Muheza. Yamebaki malipo, na hapo ndipo tulipogawanyika.

Vijana wanaolitengeneza duka wamependekeza lianze na malipo ya kadi ya benki peke yake. Wana sababu zao: duka litaonekana la kisasa, na mfumo wa kadi wameshaupata kwa fundi, ni wa kuwashwa tu. Kina mama nao wamesema: wekeni namba zetu za simu, mteja akipenda mdalasini wa mama fulani amtumie mama fulani, yaishe. Kamati imekaa mara mbili juu ya mapendekezo haya. Hatukukubali hata moja, na mna haki ya kujua kwa nini.

Tuanze na kadi. Tukisema hapa kila mwenye kadi ainyanyue, mikono yote itakwenda juu, lakini itakuwa kadi ya chama. (Na wengine ada ya mwaka huu bado, tunawajua.) Kadi ya benki wanayo walimu, wauguzi na wafanyakazi wengine wa mshahara, na wengi wao huitumia kwenye ATM mwisho wa mwezi, basi. Kuandika tarakimu za mbele ya kadi na zile tatu za nyuma kwenye simu ni jambo wanaloliogopa, wala hawaogopi bure.

Sasa mteja wetu ni nani? Tumepitia daftari la oda zilizokuja kwa WhatsApp kabla ya duka hili kufikiriwa. Wengi ni mama lishe, wenye maduka ya rejareja na wapishi wa shughuli, wa Tanga mjini na Dar es Salaam. Hawa wananunua LUKU kwa simu, wanalipa ada za watoto kwa simu, wanachangia harusi kwa simu. Wakiingia dukani kwetu wakakuta mahali pa kuandika namba ya kadi tu, wataondoka kimya. Hawatapiga simu kulalamika. Gulioni mteja akikuacha unamwona mgongo, unaweza hata kumwita ukapunguza bei. Mtandaoni hatumwoni, na sisi tutakaa tukidhani viungo vyetu havipendwi.

Mwenzetu mmoja yameshamkuta. Aliweka iliki yake kwenye soko moja la mtandaoni, hatutalitaja. Mteja wa Kariakoo alitaka kilo mbili, akashindwa kulipa kwa sababu soko lile lilitaka kadi, akamwomba mwenzetu ampe namba ya simu pembeni. Wenye soko walipobaini kwamba malipo yanafanyika nje ya mfumo wao, wakaufunga ukurasa wake. Iliki ikauzwa gulioni kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo tunapozungumza njia za malipo, tunazungumza ada ya shule ya mtoto wa mtu tunayemfahamu.

Jambo hili wakubwa zaidi yetu wamelipitia. Mwaka 2003 kampuni ya Marekani ya eBay ilikamilisha kuinunua EachNet, soko la mtandaoni lililokuwa likiongoza China. Mwaka huohuo Alibaba ikaanzisha soko lake, Taobao. Tatizo la Wachina wakati ule lilikuwa kama letu: wenye kadi za kulipia mtandaoni walikuwa wachache, na mnunuzi hamwamini muuzaji asiyemjua, wala muuzaji hamwamini mnunuzi. Taobao wakaanzisha Alipay. Mnunuzi analipa kutoka benki yake ya palepale China, fedha inashikiliwa kama amana, muuzaji anaambiwa fedha ipo, anatuma mzigo, mnunuzi akithibitisha kuupata ndipo fedha inaachiwa. Wazee wetu hapa wanaujua utaratibu huo bila kompyuta: ni ule wa kumwekea fedha mtu wa kati anayeaminiwa na pande zote mbili. Desemba 2006 eBay ilifunga tovuti yake ya China na kuingia ubia na kampuni ya hukohuko.

Tusidanganyane, malipo hayakuwa sababu pekee. Taobao pia hawakuwatoza wauzaji ada ya kuweka bidhaa, na hilo lina uzito wake. Tena njia nzuri ya malipo hailindi biashara nzima: Jumia walimruhusu mnunuzi wa Tanzania kulipa fedha taslimu mzigo ukimfikia, na bado Novemba 2019 walifunga shughuli zao nchini. Tunayasema haya ili mtu asije mwakani akatuambia tulimwahidi kwamba lipa namba itauza karafuu. Karafuu inauzwa na ubora wake. Malipo yakikaa vibaya yataizuia tu isiuzike.

Kwa bahati nzuri sisi tunajengea juu ya msingi uliokwishawekwa. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na hapa kwetu 2008. Mitandao mingine ikafuata na huduma zake, na kwa miaka kadhaa kila mmoja ukawa kisiwa. Mnakumbuka watu walivyotembea na laini tatu. Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel zikakubaliana wateja wao watumiane fedha moja kwa moja, na Vodacom ikaingia 2016. Mwaka 2015 Bunge likapitisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa. Benki Kuu nayo imejenga mfumo wa TIPS unaounganisha benki na mitandao ya simu ili malipo yapite papo hapo. Leo mwenye Airtel Money, Mixx ya Yas, M-Pesa au HaloPesa hana sababu ya kumkosa muuzaji. Kuweka duka mtandaoni halafu kuviacha vyote hivi na kubaki na kadi ni sawa na kufungua duka Muheza na kukataa shilingi.

Sasa tugeukie pendekezo la kina mama. Hapa tunaomba mtuvumilie, maana ndipo tulipotumia muda mwingi zaidi.

Kikundi kina wanachama thelathini. Kila mmoja akiweka namba yake, duka litakuwa na namba thelathini za kupokelea fedha. Mteja wa Temeke hatakuwa na namna ya kujua ipi ni ya kweli. Wote tumewahi kupata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tapeli akichukua picha zetu, akatengeneza ukurasa unaofanana na wetu na kuongeza namba ya thelathini na moja, nani atamshtukia? Ikiwa namba ni moja tu, imechapwa kwenye kila mfuko, na jina la kikundi linajitokeza kwenye simu ya mteja kabla hajathibitisha malipo, tapeli ana kazi ngumu zaidi.

Kuna na utapeli wa upande wa pili. Mtu anatuma ujumbe wa kughushi unaofanana kabisa na ule wa mtandao, "umepokea shilingi kadhaa", mama yuko shambani, anafurahi, anapakia mzigo kwenye basi. Jioni akiangalia salio, hakuna kitu. Au analipa kweli, kisha anaomba mtandao umrudishie kwa madai kwamba alikosea namba. Tukiwa na mtu mmoja wa zamu anayefungua taarifa ya lipa namba na kulinganisha na namba ya oda kabla mzigo haujaondoka, mianya hiyo inapungua sana. Kanuni tunayopendekeza ni fupi: hakuna mzigo unaopanda basi kwa kuonyeshwa ujumbe au picha ya ujumbe. Mzigo unapanda baada ya mtu wa zamu kuiona fedha kwenye akaunti.

Halafu kuna mambo ya nyumbani ambayo hayazungumzwi mkutanoni. Simu ya mama inaweza kuwa mikononi mwa mtoto, au mwa baba. Fedha ya oda ikiingia usiku, asubuhi imeshanunua kitu kingine, na mteja anasubiri mdalasini. Hatusemi kwa nia mbaya. Sisi tuliosomea uhasibu, hata kama ni diploma tu, tulifundishwa mapema kwamba fedha ya biashara na fedha ya jikoni zikilala chumba kimoja, asubuhi huwezi kuzitenganisha.

Tunajua hofu ya kina mama, nayo ni ya haki. Fedha zikiingia namba moja, nani atazishika? Mmeona vikundi vingapi vimekufa kwa sababu ya mweka hazina? Ndiyo maana Kamati imekubaliana hivi: watia saini wawe watatu, wote wachaguliwe na kikundi chenyewe kwa kura ya siri, na asiwemo mjumbe yeyote wa Kamati ya Tawi. Mwenyekiti hayumo, katibu hayumo. Kila Ijumaa orodha ya mauzo ibandikwe ukutani ofisini na kutumwa kwenye kundi la kikundi: oda namba fulani, mdalasini wa fulani, kiasi kilichoingia, makato, kiasi alicholipwa. Siku hiyohiyo kila mmoja arushiwe chake kwenye simu yake. Kazi ya ofisi ya tawi ni kukagua vitabu kila mwisho wa mwezi, bila malipo. Na tuelewane kabisa: hii si fedha ya chama. Haitaazimwa kwa ajili ya kampeni, haitanunua fulana, haitachangia usafiri wa mkutano wa wilaya. Kiongozi atakayeiomba, aombwe aandike kwa mkono wake, na barua isomwe hapa mbele yenu.

Wateja wengine, hasa wapya, watataka kulipa mzigo ukishawafikia. Tunawaelewa, hawatujui. Lakini njia hiyo lazima ihesabiwe. Tuchukulie pakiti ya shilingi 20,000 ambayo faida yake ni 4,000, na usafiri ni 3,000 kwenda na 3,000 kurudi. Mteja akipokea, usafiri anaulipa yeye. Akikataa, tunaubeba sisi, kwenda na kurudi. Tukituma pakiti kumi na zote zikapokelewa, faida ni 40,000. Moja ikikataliwa, tunabaki na faida ya tisa, yaani 36,000, tunatoa 6,000 za usafiri, inabaki 30,000. Tatu zikikataliwa, inabaki 10,000. Zikirudi nne, tumefanya kazi bure kabisa, na hapo hatujahesabu mfuko uliochanika njiani. Kwa hiyo tunapendekeza mteja mpya wa Dar es Salaam alipie usafiri kwanza kwa lipa namba, na fedha ya viungo alipe anapopokea. Atakayelipia usafiri huwa hatanii. Kwa Tanga mjini, ambako kijana wetu wa bodaboda anapeleka mwenyewe, mteja alipe yote mlangoni akitaka, lakini kwa lipa namba ileile. Kijana asibebe fedha taslimu. Tunamwamini, ni barabara tusiyoiamini.

Kuhusu makato. Hakuna njia ya bure. Mtandao unakata, benki inakata, mfumo wa kadi unakata, na kutoa fedha kwa wakala kunakatwa tena. Watu wetu wana kumbukumbu kali katika jambo hili. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, ikifika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mkubwa, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Septemba ya mwaka huohuo serikali iliipunguza kwa asilimia 30. Mnunuzi anahesabu hadi mia. Ndiyo maana hatutaki duka limwonyeshe bei ya 20,000 halafu mwishoni limwongezee "gharama za malipo". Gharama iingie ndani ya bei tangu mwanzo. Makato yakiwa mathalani asilimia 2 ya mauzo, kwenye pakiti ile ni shilingi 400. Inaonekana ndogo, lakini ni sehemu ya kumi ya faida yetu. Kabla ya kusaini na mtandao wowote tutaleta hapa jedwali la makato yao kwa maandishi, mlisome. Na fedha za kuwalipia wakulima wa Amani zitoke akaunti kwenda simu bila kutolewa kwanza taslimu, tusikatwe mara mbili.

Je, kadi tumeitupa? Hapana, na hapa vijana wana hoja. Tuna ndugu zetu Muscat na kwingineko wanaoulizia viungo vya nyumbani. Kwao kadi ndiyo njia ya kawaida, kama simu ilivyo kwetu, na kuwanyima ni kurudia kosa lilelile kwa upande mwingine. Iwekwe, lakini ikae ya pili kwenye ukurasa, chini ya malipo ya simu. Wajue tu kwamba mwenye kadi anaweza kulalamika kwa benki yake na fedha ikarudishwa hata baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo risiti za kutuma mizigo ya nje zihifadhiwe kwenye faili. Sanduku la viatu si faili. Mnunuzi wa Mombasa naye yuko karibu nasi kuliko wa Dodoma, na tangu Machi 2015 M-Pesa ya Kenya na ya Vodacom Tanzania zinatumiana. Huduma hiyo ilianza kama ya mtu kumtumia mtu, kwa hiyo tutahitaji laini iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, na simu yake ilale ofisini.

Mwanachama mmoja alituuliza kwa sauti ya chini: tukitumia lipa namba, TRA hawatatuona? Watatuona. Kikundi kimesajiliwa halmashauri, kina katiba, kinataka mkopo. Hakiwezi kuonekana na afisa mikopo na wakati huohuo kikafichika kwa TRA. Tutakwenda pamoja kuomba TIN ya kikundi na kupata maelekezo.

Jambo la mwisho limetoka kwa kijana mmoja katika Kamati, na tumelipokea kwa mikono miwili. Kila anayenunua ataacha jina, namba ya simu na mahali anapoishi. Baada ya mwaka tutakuwa na orodha ndefu, na mwaka wa uchaguzi kuna mtu atakuja kuitaka awatumie ujumbe wa kampeni. Jibu ni hapana. Tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, mtu aliyenunua iliki hakuomba siasa. Wateja wetu wamo wa vyama vyote na wasio na chama. Orodha ibaki kwenye duka.

Kwa hiyo Jumamosi saa nne asubuhi, ofisi ya tawi, kikundi kitapiga kura juu ya haya: lipa namba moja ya kikundi iwe njia ya kwanza, kadi iwe ya pili, malipo ya mzigo ukifika yawe kwa masharti tuliyoyasoma, na watia saini watatu wachaguliwe. Wanachama wa tawi wasio wa kikundi wanakaribishwa kusikiliza, bila kura. Vijana wa duka waje na simu yenye ukurasa wa malipo ili kina mama waujaribu kwa mikono yao. Tutanunua pakiti moja ya mdalasini hapohapo tuone fedha inavyoingia. Kila mwanakikundi aje na kitambulisho cha NIDA au namba yake, kwa ajili ya fomu. Mwenye cheti cha usajili wa kikundi ni katibu wa kikundi, tunamwomba asikisahau nyumbani.

Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati